Kioo cha Plastiki na Moto

Muhula uliopita mpira uliingia tena katika bweni la pili, ukavunja vioo vitatu. Kwa kuwa hiyo ilikuwa mara ya nne katika mwaka mmoja, mzazi mmoja wa kamati ya shule alitoa shauri: tuweke plastiki ile ing'aayo kama kioo, ambayo mafundi wa mabango huiita Perspex. Haivunjiki upesi, uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo, na mwanga hupita vizuri. Mwalimu Mkuu akaniita, akaniuliza kama ina madhara yo yote. Sikuwa na jibu la hakika. Nilimwomba siku saba, nikaingia maabara pamoja na vijana wa Kidato cha Tatu.

Kwanza yafaa tuijue plastiki yenyewe. Jina lake la kikemia ni polimethilimethakrilati, lakini hapa tutaiita akriliki. (Msiichanganye na uzi wa akriliki wa kufumia sweta, hiyo ni polima nyingine.) Ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930. Ni mnyororo mrefu sana wa molekuli ndogo za C5H8O2. Ikipata joto la nyuzi 105 hivi za sentigredi hulainika. Joto likipita nyuzi 300, mnyororo hufunguka pete moja moja, ukawa mvuke wa zile molekuli za kwanza. Watu wengi hudhani ya kuwa kinachowaka ni kile kipande kigumu. Sivyo, kinachowaka ni mvuke, na moto wake hukirudishia kipande joto, nacho hutoa mvuke mwingine. Ubao ukiungua hufanya makaa, na makaa hayo huukinga ubao wa ndani kwa kitambo. Akriliki haifanyi makaa ya kutajika. Huondoka yote:

C5H8O2 + 6O2 → 5CO2 + 4H2O

Fundi mmoja alitupa mabaki yenye unene wa mm 3. Tulikata ukanda wa mm 125 kwa mm 13, kwa kuufuata upimaji wa Marekani uitwao UL 94, tukapiga mistari miwili: mmoja mm 25 toka nchani, wa pili mm 100. Tukaubana ukanda ukiwa umelala, tukaishika ncha kwa mwali wa kichomeo cha Bunsen sekunde 30, kisha tukauondoa mwali. Nilitumaini ya kuwa moto utazimika. Haukuzimika. Ulikwenda polepole, ukilia kama chumvi iliyotiwa motoni, na kutoa harufu tamu kama ya matunda. Toka mstari hadi mstari ulichukua dakika 2 na sekunde 40, yaani mm 28 kwa dakika.

Sasa, kipimo hicho chasema ya kuwa plastiki ya unene huo ikiungua kwa mwendo usiozidi mm 40 kwa dakika, imefaulu daraja la HB. Basi yetu ilifaulu! Vijana wakashangilia, nami karibu nifunge daftari. Ndipo mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Mwalimu, lakini dirisha halilali."

Alisema kweli. Tulichukua ukanda wa pili, tukausimamisha wima na kutandaza pamba chini yake, kama zipimwavyo plastiki za madaraja ya juu. Humo, ili kupata daraja la V-0, mwali ukishaondolewa moto hauna budi kufa katika sekunde 10, wala matone yasiiwashe pamba. Wetu ulipanda hadi juu, na matone yakaiwasha pamba. Sababu ni nyepesi: hewa ya moto hupaa, hivyo mwali huipasha joto sehemu ya juu kabla ya kuifikia.

Kiko na kipimo kingine, kilichoelezwa na Fenimore na Martin mwaka 1966: kuna haja ya oksijeni kiasi gani ili kitu kiendelee kuwaka? Akriliki yatosheka na asilimia 17 au 18. Hewa tuivutayo ina asilimia 21. Plastiki ngumu ya PVC, yenye klorini ndani yake, hutaka zaidi ya 40, kwa hiyo peke yake huzimika.

Wazazi watauliza kama jambo hili limepata kutokea nje ya maabara. Limetokea. Jumba la starehe la Summerland, mjini Douglas katika Isle of Man, lilifunguliwa mwaka 1971, likiwa na ukuta na paa kubwa za akriliki. Sheria ya ujenzi ilitaka kuta za nje ziwe za vitu visivyoungua. Ikatolewa ruhusa isifuatwe. Tarehe 2 Agosti 1973 vijana waliokuwa wakivuta sigara waliwasha moto katika kibanda kilichokuwa nje. Akriliki siyo iliyotangulia kushika moto, lakini ulipoifikia ulikwenda kwa kasi ya kutisha. Milango mingine ya kutokea ilikuwa imefungwa. Watu 50 walikufa.

Je, akriliki yaweza kutiwa dawa ya kuupinga moto? Yaweza, kwa gharama. Misombo ya fosforasi hupunguza kuwaka, lakini aghalabu huilainisha plastiki. Haidroksidi ya alumini hutoa maji ipatapo joto la nyuzi 200 hivi, ikaupoza moto. Lakini yatakiwa nyingi mno, hata mwanga haupiti tena. Mchanganyiko huo hufanyiwa meza za jikoni, si madirisha.

Nilimpelekea Mwalimu Mkuu daftari letu. Bweni limerudishiwa vioo, na nje umewekwa wavu wa waya wenye bawaba, usukumwao kutoka ndani bila ufunguo. Mzazi yule alikuja mwenyewe kuutazama ukanda ukiungua, akatusaidia gharama ya wavu. Mabaki ya akriliki tumeyakata yawe prizma za somo la mwanga.

Zoezi kwa Kidato cha Tatu: gramu 100 za akriliki zahitaji gramu ngapi za oksijeni ili ziungue zote? Nileteeni majibu kabla ya kufunga shule.