Kipimo cha Chakula cha Mwezi



Njaa haiingii nyumbani siku ghala linapokwisha. Huingia siku ya mavuno, mtu auzapo mahindi bila kupima. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza hivyo kwa bei ndogo, na kabla ya mavuno mapya nalinunua mahindi kama yale yale kwa bei kubwa. Basi fanya hivi:

1. Mwulize mkeo debe moja hutosha siku ngapi, maana yeye ndiye ajuaye. Likitosha siku 10, kila mwezi wataka madebe 3. Na kwa miezi 8 mpaka mavuno, madebe 24.

2. Ongeza mbegu, na madebe 2 ya wageni na misiba. Yatakayosalia ndiyo ya kuuza.

3. Fedha utakazopata zigawe mafungu ya miezi ile ile: chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa.

4. Sukari ikiisha kabla ya mwezi, nyweni uji bila sukari. Msiguse fungu la mwezi ujao, wala msikope dukani.

Pimeni mbele ya watoto, ili wote wajue kiasi. Akiba haiozi.