Somo la 14: Kufunga Breki kwa Ghafla

Umeuza mahindi katika soko la Kibaigwa. Sasa unaendesha pikapu tupu kuelekea Dodoma. Lami ni kavu. Mwendo wako ni kilomita 80 kwa saa. Mara mbuzi anakatiza barabara, na mtoto anamkimbilia. Utafanya nini?

Kwanza ujue jambo hili. Gari halisimami pale unapokanyaga breki. Tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage, kiasi cha sekunde moja hupita. Katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 22. Breki zikishika, gari huenda kama mita 36 tena. Jumla ni mita 58. Kama ungekuwa unakwenda kilomita 50 kwa saa, jumla ingekuwa kama mita 28 tu.

Basi, shika usukani kwa mikono miwili. Kanyaga breki kwa nguvu. Klachi ikanyage gari linapokaribia kusimama, ili injini isizimike. Usivute breki ya mkono. Ukiivuta, magurudumu ya nyuma yatagoma kuzunguka na gari linaweza kugeuka, nyuma ikawa mbele.

Je, gari lako lina breki za ABS? Ukifungua swichi, taa yenye herufi hizo huwaka kidogo, kisha huzimika. Isipozimika, mwone fundi. Kama gari linazo, kanyaga mpaka mwisho wala usiachie. Pedali itatetemeka chini ya mguu. Wengi huogopa hapo, wakaachia. Hilo ni kosa kubwa, maana breki zinafanya kazi. Huku umekanyaga, unaweza kugeuza usukani kidogo ukamkwepa mtoto.

Gari lisilo na ABS halikubali hivyo. Magurudumu yakigoma, tairi huserereka, na hata ukigeuza usukani gari halifuati. Achia breki kidogo ili magurudumu yazunguke, kisha kanyaga tena.

Matope na changarawe huongeza umbali wa kusimama, hata kwa gari lenye ABS. Huko punguza mwendo mapema.

Na kama umepakia watu nyuma? Wao hawana breki. Gari likisimama ghafla, wao huendelea kwenda.

Zoezi
Nendeni mahali ambapo watoto wa kijiji chenu huvuka barabara. Mkiwa pembeni, pimeni hatua ndefu 58, mweke jiwe. Rudini, mpime hatua 28, mweke jiwe la pili. Dereva aliye kati ya mawe hayo anakwenda kilomita 80 kwa saa, na ndiyo kwanza amemwona mtoto. Je, atasimama kabla ya kumfikia?