Majirani au Manyang'au? Lugha ya Umma katika Mivutano ya Kenya na Tanzania

Utangulizi

Uhusiano wa Kenya na Tanzania ni mkongwe kuliko mpaka unaozitenganisha nchi hizi. Wamaasai, Wakuria, Wajaluo na Wadigo wanaishi pande zote mbili, na mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwauliza. Baada ya uhuru, Kenya, Tanzania na Uganda ziliendesha kwa ubia reli, bandari, posta na shirika la ndege, na hadi mwaka 1970 zilikuwa na chuo kikuu kimoja chenye matawi Nairobi, Dar es Salaam na Makerere. Juu ya hayo yote, Kenya na Tanzania zinasemezana kwa lugha moja ya taifa.

Hata hivyo, ujirani huu umetikisika mara kwa mara. Mpaka ulifungwa mwaka 1977, na mivutano mingine ikazuka mwaka 2017, 2020, 2021 na 2025. Wanahistoria na wanauchumi wameshughulikia sababu za mivutano hiyo. Makala haya yanaelekeza macho kwingine, yaani katika maneno ambayo raia wa kawaida waliyatumia walipoupokea mvutano. Swali la msingi ni hili: raia anapoghadhabishwa na serikali ya nchi jirani, je, lugha yake humsaidia kuitenga serikali hiyo na watu wake, au humsukuma kuwaweka wote katika kapu moja? Ili kulijibu, makala yanachunguza mambo manne: majina ya kejeli, utani, methali na viwakilishi vya nafsi.

Usuli wa mvutano wa 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967, makao yake makuu yakiwa Arusha. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha na kuchagua siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Kenya kwa upande wake ilikuwa imeshika njia ya uchumi wa soko, ingawa Waraka Namba 10 wa 1965 uliiita njia hiyo ujamaa wa Kiafrika. Kwa hiyo ndoa ilifungwa baina ya wenzi waliokwisha kuhitilafiana juu ya namna ya kuendesha nyumba.

Mambo matatu yaliiangusha Jumuiya. Kwanza, Tanzania na Uganda zililalamika kwamba faida ya soko la pamoja iliishia Nairobi, palipokuwa na viwanda vingi zaidi. Pili, baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwezi Januari 1971, Rais Julius Nyerere alikataa kuketi naye, na kikao cha marais watatu kikakwama. Tatu, yalizuka mabishano makali kuhusu madeni na mapato ya mashirika ya pamoja, hasa shirika la ndege. Mapema mwaka 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege. Mwezi Februari mwaka huohuo Tanzania ikaufunga mpaka na kuyazuia magari na ndege ndogo kutoka Kenya zilizokuwa katika ardhi yake. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya ulitiwa saini Mei 1984 baada ya usuluhishi wa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht.

Kwa takriban miaka saba, basi, aliyetaka kuhudhuria harusi au matanga upande wa pili alilazimika kutafuta kibali au kupita njia za panya. Maneno yaliyozungumzwa na umma katika miaka hiyo yalikuwa ya watu wenye jamaa ng'ambo ya kizuizi.

Jina la kejeli: safari ya neno 'nyang'au'

Neno lililovuma zaidi upande wa Tanzania lilikuwa 'manyang'au'. Nyang'au ni mnyama wa mwituni mla nyama, na kwa sitiari ni mtu mlafi au katili. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba neno hili lilitokana na msamiati wa elimu ya siasa uliokuwa ukitumiwa ndani ya Tanzania yenyewe. Wakati wa Ujamaa, mnyonyaji alielezwa kwa taswira za viumbe na vyombo vya kunyonyea: alikuwa kupe, alikuwa na mirija, alikuwa nyang'au. Walengwa wa kwanza walikuwa mabepari, hata wawe Watanzania. Neno lilitaja mfumo na tabia. Halikutaja kabila wala taifa.

Mvutano ulipozuka, neno lilivuka mpaka. Ubepari ulikuwa umepewa sura ya Nairobi, na mara nyang'au akawa Mkenya, awe mwenye kiwanda au mchuuzi wa nyanya wa Namanga. Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Sitiari iliyobuniwa kumshutumu mnyonyaji iligeuzwa kuwa jina la watu wote wa nchi, wakiwemo walionyonywa. Mkulima wa Kenya asiye na ardhi, ambaye kwa mantiki ya Ujamaa alistahili kuhurumiwa, alijikuta ametiwa katika zizi moja na tajiri aliyempokonya shamba.

Upande wa Kenya haukunyamaza. Watanzania waliposema kwamba Kenya ni jamii ya mtu kula mtu, Wakenya walijibu kwamba Tanzania ni jamii ya mtu asiyekula kitu. Jibu hili hunasibishwa na Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, na lilienea haraka kwa sababu linachekesha: kitenzi ni kimoja, kilichobadilika ni yambwa. Lakini msomaji makini ataona kwamba nalo lilifanya kosa lilelile. Lililenga sera, likawapiga watu waliopanga foleni ya sukari na sabuni.

Je, ubaya uko katika umbo la neno? Baadhi ya wanafunzi wa isimu watavutiwa kudai kwamba kiambishi ma- ndicho kinachodunisha, kwa kuwa nyang'au kwa umbo ni nomino ya ngeli ya N- na kuipachika ma- ni kuikuza kwa nia ya kuitweza. Dai hilo lina ukweli kiasi, kwani 'majitu' na 'majibwa' yana ladha hiyo. Hata hivyo, kiambishi hichohicho ndicho kinachotupa 'majirani' na 'marafiki'. Sarufi haina chuki. Anayeamua kama ma- itamtangulia nyang'au au jirani ni msemaji.

Utani na mipaka yake

Wapo wanaotetea maneno hayo kwa hoja kwamba yalikuwa utani tu. Hoja hii inahitaji kupimwa kwa kigezo cha utani wenyewe. Katika jamii nyingi za Tanzania, utani ni taasisi yenye kanuni. Watani huambiana maneno ambayo yakisemwa na mtu mwingine yangeleta ugomvi, lakini pia wana wajibu kwa wenzao. Palipo na msiba, mtani hufika, hufanya kazi, na hata mzaha wake huwa njia ya kumfariji aliyefiwa. Kwa hiyo utani una masharti mawili: uwe wa pande mbili, na uambatane na wajibu wa kusaidiana.

Kwa kigezo hicho, mzaha maarufu kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya na kuzikwa mbele ya safari ni utani halisi. Wakenya wenyewe huusimulia wakicheka, nao huwajibu Watanzania kwa mizaha kuhusu Kiingereza chao. Hakuna anayekosa chakula kwa sababu ya mzaha huo. Kinyume chake, kumwita mtu nyang'au huku basi lake limezuiliwa, au kumcheka mwenye njaa huku mpaka umefungwa, hakutimizi sharti la pili.

Mfano wa wajibu wa utani ulionekana mwezi Machi 2021. Rais John Magufuli alipofariki, bendera za Kenya zilishushwa nusu mlingoti, na Rais Uhuru Kenyatta alihutubia waombolezaji mjini Dodoma kwa Kiswahili. Adhana iliposikika, aliikatiza hotuba yake hadi ilipokwisha. Kitendo hicho kidogo kilisifiwa sana Tanzania, nchi ambayo miezi michache tu awali ilikuwa imevutana na Kenya. Raia wengi walikitambua mara moja kwa sababu kilifuata adabu wanayoijua: aliyekuja msibani huiheshimu nyumba ya wafiwa.

Methali: umma ni nyasi?

Katika kila mvutano, methali tatu hurudiwa. Ya kwanza ni 'Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi'. Ya pili ni 'Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune'. Ya tatu ni ile isemayo kwamba vyombo vikaapo pamoja havina budi kugongana. Methali hizi hazisemi jambo moja. Ya tatu huuona ugomvi kuwa wa kawaida. Ya pili humwonya mtu wa kando asiingilie, kwani undugu utashinda. Ya kwanza huwagawa watu katika makundi mawili: wakubwa wanaopigana na wadogo wanaokanyagwa.

Methali ya fahali ina ukweli mkubwa. Mwezi Oktoba 2017 mamlaka za Tanzania zilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya, na muda mfupi baadaye vifaranga wapatao 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa hofu ya homa ya ndege. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walikwama Namanga kwa siku kadhaa huku serikali zikibishana kuhusu vipimo. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaregeza amri hiyo siku chache baadaye kwa masharti. Mfugaji, dereva na mkulima hawakuwa mezani maamuzi hayo yalipofanywa.

Hata hivyo, methali hiyo ina upungufu. Nyasi hazisemi. Umma husema, na usemi wake huweza kuurefusha ugomvi au kuufupisha. Mwezi Mei 2025, wanasiasa na wanaharakati wa Kenya waliosafiri kufuatilia kesi ya Tundu Lissu walizuiwa na kurudishwa kwao, na mzozo mkali ukazuka mitandaoni. Wakenya waliwatumia wabunge wa Tanzania ujumbe kwa wingi katika simu zao, na wabunge hao wakalizungumzia jambo hilo bungeni. Mwishoni mwa mwezi huo Rais William Ruto aliwaomba radhi Watanzania hadharani. Hapa umma haukuwa nyasi. Ulikuwa mshiriki, na mshiriki hubeba dhamana ya maneno yake.

Viwakilishi vya nafsi: 'serikali yenu', 'nyinyi' na 'wenzetu'

Kipimo rahisi zaidi cha hali ya uhusiano kimo katika viwakilishi. Mvutano unapoanza, raia husema 'serikali yenu imekosea'. Unapopamba moto, nomino hudondoka na kubaki 'nyinyi'. Aliyekuwa akishutumu amri sasa anashutumu watu, na anayeshutumiwa hana njia ya kukubali kosa la serikali yake bila kujitukana. Huo ndio wakati ambapo hata mkosoaji wa serikali hujikuta akiitetea.

Baina ya ncha hizo mbili kuna neno 'wenzetu'. Neno hili ni la ajabu kidogo, kwani hubeba udugu na umbali kwa pamoja. 'Wenzetu wa Tanzania wamefiwa' ni kauli ya huruma. 'Wenzetu wa Kenya wana haraka' ni kauli ya kebehi. Lakini hata katika kebehi, mzizi -enz- unabaki, na anayesemwa hajafukuzwa katika kundi. Ni vyema wanafunzi wa pragmatiki wachunguze zaidi jinsi neno hili linavyotumiwa na wazungumzaji wanaokataa kusema 'nyinyi'.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba lugha ya umma katika mivutano ya Kenya na Tanzania hupotoka pale jina la tabia linapofanywa jina la watu. Ilitokea kwa neno nyang'au, na hutokea kila siku 'serikali yenu' inapofupishwa kuwa 'nyinyi'. Aidha, imeonekana kwamba utamaduni wa Waswahili na majirani wao una kinga yake: utani wenye wajibu, na neno 'wenzetu' lisilomtupa mtu nje.

Kenya na Tanzania zina jambo ambalo mataifa mengi yaliyokosana hayana. Tusi linalotamkwa Nairobi huelewekа Mwanza bila mkalimani, na msamaha pia. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999 imeunda Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar, na kazi ya kukuza istilahi inaendelea. Kazi ya adabu ya mazungumzo haiwezi kuachiwa kamisheni. Ni ya kila mzungumzaji, na hasa ya vijana wanaosomea lugha hii, ambao siku moja watakuwa walimu, wahariri na watangazaji wa pande zote mbili za Namanga.

Maswali ya mjadala

1. Toa mifano miwili ya majina ya kejeli yaliyoanza kama sitiari za tabia kisha yakawa majina ya jamii nzima. Eleza hatua za mabadiliko hayo.

2. Kwa kuzingatia masharti mawili ya utani, pambanua kati ya utani na tusi katika mzozo wowote wa kikanda unaoufahamu.

3. 'Methali ya fahali wawili humwondolea raia lawama asiyostahili kuondolewa.' Jadili.