BANDO LA MWENZIO NI AMANA
Somo la kusimamia waifai katika Linux

Ndugu wanafunzi, leo tujifunze kusimamia mtandao usio na waya, yaani waifai, katika kompyuta zenye Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, na aina zake nyingi hupatikana bure.

Tuchukue mfano. Kijana wa Nachingwea amekwenda likizo kwa mjomba wake Ruangwa na kompyuta yake. Mjomba amenunua bando la wiki ili afuatilie bei za korosho kwenye minada ya RUNALI. Kijana anaomba kuunganishwa kupitia simu ya mjomba, asome barua pepe moja tu. Asubuhi bando limekwisha! Nani kalila? Ni kompyuta yenyewe, imepakua masasisho kimyakimya usiku.

Jambo hili linazuilika. Katika Ubuntu na mifumo mingine mingi ya Linux, kazi ya kuunganisha hufanywa na programu iitwayo NetworkManager.

1. Kuunganisha: Bonyeza alama ya mtandao pembeni mwa skrini, chagua jina la mtandao, kisha andika neno la siri ulilopewa na mwenyewe.

2. Kutunza bando: Fungua mipangilio ya mtandao huo, weka alama kuwa ni wa kulipia. Programu za masasisho zinazoitambua alama hiyo zitasubiri.

3. Kuzuia kujiunga: Kompyuta huukumbuka mtandao, ikaungana nao tena kila inapoukuta. Ondoa tiki kwenye sehemu ya kujiunga bila kuulizwa.

4. Kuusahau: Siku ya kuondoka, ufute. Kuona orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, andika nmcli connection show. Kufuta, andika nmcli connection delete, kisha jina la mtandao.

Pengine mtasema, "Lakini mjomba aliruhusu." Naam, aliruhusu barua moja, hakuruhusu masasisho. Surat an-Nur, aya ya 27, inatufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu. Nasi tunaona adabu hiyo yafaa pia katika mtandao wa mtu: tuingie kwa idhini, tutumie kwa kiasi tulichoruhusiwa.

Zoezi: Fungua orodha katika kompyuta yako. Je, mingapi kati ya mitandao hiyo bado una idhini ya mwenyewe?