Mtu na Mji Wake

Ndugu wasomaji, katika somo hili twataka kuangalia namna mahali anapokaa mtu panavyoingia katika nafsi yake, hata pakawa ndipo jina lake.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa wamo Wakilindini, Wachangamwe, Wajomvu, Wapate na Wafaza, wote wameitwa kwa miji. Wako wajukuu wasioijua Pate kwa macho, lakini jina wanalo.

Sasa na tutazame bara. Kianjai ni mji wa Tigania Magharibi, katika nchi ya Meru, upande wa vilima vya Nyambene, mbali sana na bahari. Wengi wetu nchi hiyo hatuijui ila kwa mirungi iletwayo pwani, na mwenyeji wake twamwita "mtu wa bara", tukadhani tumekwisha mjua. Lakini masimulizi ya Wameru yasema kuwa asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha baharini. Huko walitawaliwa na Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, wakatoroka, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, Weusi. Waliovuka alfajiri Ntune, Wekundu. Na waliovuka jua limekwisha toka Njeru, Weupe.

Baadhi ya wanachuoni wa tarikhi wameitafuta Mbwaa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na hao wa nguo nyekundu wamewadhania kuwa ni Waarabu wa pwani. Wengine wameyatilia shaka hayo. Lakini ikiwa ni kweli, basi sisi tumo katika kumbukumbu zao, wala si kwa sifa njema.

Hapa pana mazingatio. Nchi tunayoikaa hutufunza kazi, chakula na matamshi. Nchi tuliyotoka hutufunza sisi ni nani. Zote mbili ni neema, maadamu mtu hakuufanya mji wake mizani ya kuwapimia wenziwe. Bilal aliitwa Mhabeshi, Salman Mfursi na Suheyb Mrumi; majina hayo yaliwatambulisha, wala hayakuwapunguzia daraja. Na Sura ya Al-Hujurat yatufunza kuwa makabila yamewekwa tupate kujuana, na mbora ni mcha Mungu.

Basi tukikutana na mtu wa Kianjai, sokoni au msikitini, tuache kumwita "mbara" kwa dharau. Tumuulize khabari za kwao, na tusikilize mpaka mwisho, hata kama khabari hizo zatugusa sisi.

Wabillahi tawfiq.