Bahasha iende posta wiki hii, mdogo wangu

"Dada, mimi na mume wangu tunaishi Houston, wote tumeshaapa uraia wa Marekani. Tunatimiza miaka 20 ya ndoa, tukajipa zawadi ya safari ya meli ya kitalii kutoka Galveston kwenda Cozumel na kurudi. Zimebaki wiki 7. Juzi napekua makaratasi ndipo naiona paspoti yangu imekwisha tangu mwaka jana. Ya mume wangu bado nzima. Marafiki wanasema nisihangaike, nipande na cheti cha uraia na leseni, meli inakubali. Kweli?"

Mdogo wangu, hongereni sana. Miaka 20 si mchezo, wewe na shemeji mnastahili kupumzika. Nikutoe hofu kwanza: wiki 7 zinatosha. Ila hazitoshi kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, wala kusubiri Jumamosi utakapopata nafasi. Barua yako imenifanya niache mengine yote niliyokusudia kuandika safari hii, kwa sababu najua hamko peke yenu.

Marafiki zako hawajakudanganya. Meli ikianzia bandari ya Marekani na kurudi bandari ileile, raia wa Marekani anaruhusiwa kurejea na kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali pamoja na uthibitisho wa uraia: cheti cha kuzaliwa kwa aliyezaliwa huku, cheti cha uraia kwa sisi tulioapa. Watu wengi wamesafiri hivyo na wakarudi salama. Lakini ruhusa hiyo inahusu kurudi kwa meli. Haihusu ndege.

Sasa fikiria mko Cozumel. Ni kisiwa, mmeshuka asubuhi, mnatakiwa kurudi melini alasiri. Shemeji anabanwa na kifua, mnakimbizwa hospitali, na meli inaondoka kwa saa yake kwa sababu ina maelfu ya watu ndani. Usiku huo mko ufukweni na begi dogo la pwani. Njia ya kurudi Houston ni ndege, na ndege ya kimataifa inataka paspoti. Shemeji anayo, wewe huna. Itabidi uanze kutafuta paspoti ya dharura kupitia ubalozi mdogo wa Marekani ulioko Mérida, nao uko bara, ng'ambo ya maji, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, huku mumeo yuko kitandani. Hapo ndipo ninapokataa ushauri wa marafiki. Si kwamba watakuzuia Galveston. Nahofia siku ambayo mambo yataharibika ukiwa upande wa pili.

Na kuna hilo la cheti chenyewe. Cheti cha uraia ni karatasi unayoitunza kwenye sanduku, si ya kubeba kwenye mkoba wenye mafuta ya kuzuia jua na taulo mbichi. Kikipotea au kulowana, utajaza fomu N-565, utalipa zaidi ya dola 500, na utasubiri miezi. Paspoti ni nafuu mara nyingi.

Haya, tufanye kazi. Kwa kuwa paspoti yako ya zamani unayo mkononi, haijachanika, ulipewa ukiwa mtu mzima, haijapita miaka 15 tangu itolewe na jina lako halijabadilika, fomu yako ni DS-82 na huhitaji kumwona mtu yeyote. Ijaze kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, travel.state.gov, kisha uichapishe upande mmoja tu wa karatasi. Ndani ya bahasha weka fomu, paspoti ya zamani, picha na hundi. Cheti cha uraia kibaki nyumbani, hawakihitaji kwa fomu hii. Jambo hilo lina faida: wakati paspoti iko njiani, bado una karatasi ya akiba ndani.

Utasikia pia kwamba siku hizi watu wanahuisha paspoti mtandaoni. Ni kweli, huduma hiyo ilifunguliwa Septemba 2024 na ni nzuri kwa asiye na safari karibu. Wewe isikuvute, haina njia ya haraka. Utaratibu wa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, na hesabu hiyo haihusishi siku za posta kwenda na kurudi. Ukijumlisha, unaingia moja kwa moja kwenye wiki ya safari. Kwa hiyo lipia huduma ya haraka, wiki 2 hadi 3. Ada ya kawaida ni dola 130, ongeza 60 za haraka, na 22.05 ili ikitoka ikufikie kwa siku 1 au 2. Andika hundi kwa jina la U.S. Department of State, na kwenye mstari wa maelezo uandike jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa. Juu ya bahasha andika EXPEDITE kwa herufi kubwa. Ipeleke kwa posta ya serikali, USPS, maana anwani ni sanduku la posta na kampuni nyingine za vifurushi hazifiki hapo. Chukua namba ya kufuatilia na uitunze.

Nizungumzie picha, kwa sababu bahasha nyingi hukwamia hapo. Inchi 2 kwa 2, nyuma kweupe, uso mzima unatazama mbele, miwani hairuhusiwi tangu Novemba 2016. Kama unavaa hijabu, usiivue: inaruhusiwa, ila weka maelezo mafupi uliyoyasaini kwamba ni vazi la dini unalolivaa hadharani kila siku. Chagua yenye rangi, isiyo nyeupe, ili kichwa kisipotelee kwenye ukuta, na ivute nyuma kidogo ili isitupe kivuli kwenye paji la uso wala shavuni. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuwe wakali na wapiga picha wa haraka wa kwenye maduka ya dawa. Taa yao ikikupiga, paji linang'aa, na macho yanabaki gizani. Mwambie arudie. Usione haya, unalipia. Picha ikikataliwa watakuandikia barua kuomba nyingine, na wiki zako zinayeyuka. Ukimaliza, ibane kwenye fomu kwa pini 4 za stepla, kwenye pembe, mbali na uso.

Kuna watu watakaokutafuta wakijua una haraka. Wana tovuti zinazofanana na za serikali, wanakutoza kwa fomu ambayo ni bure, au wanakuuzia miadi. Anwani ya serikali huishia na .gov, na miadi kwenye ofisi za paspoti haiuzwi. Anayekuomba hela ya miadi, mkatie simu.

Ikifika wiki 2 kabla ya safari na bado kimya, usikae unalia. Piga simu kituo cha taifa cha paspoti uombe msaada wa safari ya dharura. Mwenye safari ndani ya siku 14 anaweza kupewa miadi kwenye ofisi yenyewe, na mna bahati iko hapohapo Houston. Nenda na tiketi ya meli mkononi. Vilevile ipigie ofisi ya mbunge wenu wa Congress. Wana wafanyakazi ambao kazi yao ni kusukuma mambo ya wakazi wa jimbo lao kwenye idara za serikali, paspoti zikiwemo, na hawatozi kitu. Watu wetu wengi hawaitumii huduma hiyo wakidhani ni ya wakubwa. Wewe ni mpiga kura wao, ongea.

Paspoti ikifika, linganisha jina na lile la kwenye tiketi, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu hupata shida hapa: mtu amekata tiketi kwa jina la baba, paspoti imeandika la babu. Mpigie wakala arekebishe mapema. Kampuni za meli huwa hazirudishi hela za abiria aliyekwamishwa na hati zake.

Wengine mtasema, sisi si raia. Mwenye grinkadi, kadi hiyo inakurudisha Marekani, lakini Mexico itataka pia paspoti hai ya nchi yako. Mkenya ataanzia eCitizen kisha atoe alama za vidole kwenye ofisi za ubalozi. Mtanzania naye aulize ubalozi wetu Washington. Ninyi hesabuni kwa miezi, msihesabu kwa wiki. Na ndugu zangu kutoka Kongo na Burundi mlioingia kama wakimbizi, tafadhali sana, msihuishe paspoti ya nchi mliyoikimbia kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, inaweza kuwagharimu hadhi yenu. Hati yenu ya kusafiria huombwa kwa fomu I-131. Kama safari ni ya karibu, iahirisheni.

Kuna pia mama aliyeniuliza kuhusu mwanawe wa miaka 9, paspoti imekwisha na baba yake yuko Dar es Salaam. Mama, ya mtoto wa chini ya miaka 16 hudumu miaka 5 tu, na haihuishwi kwa posta. Ni fomu DS-11, mtoto mwenyewe aende, na wazazi wote wawili waafiki. Ada ni dola 100, na 35 za anayepokea maombi. Baba asiyeweza kufika anajaza DS-3053 na kuisaini mbele ya mthibitishaji. Kwa aliye Dar, ubalozi wa Marekani pale Msasani hufanya kazi hiyo kwa miadi. Akutumie karatasi yenye saini halisi, na nakala ya kitambulisho alichokionyesha, mbele na nyuma. Kibali hicho ni cha siku 90, kwa hiyo asisaini mapema mno kikakulalia kabatini. Mpigie leo mkubaliane tarehe, kabla hujalipia chumba cha meli.