Saa ya Mkono na Urefu wa Njia ya Mbio

Mkimbiaji amalizapo marathoni, yenye kilomita 42.195, huenda saa yake ya GPS ikamwonyesha kilomita 42.6. Hapo hulalamika kwamba waandalizi wamemwongezea njia. Je, ni nani mkweli?

Saa hiyo haipimi barabara. Hupokea mawimbi ya redio kutoka kwenye setilaiti zilizo juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, ikakadiria mahali ilipo, kisha ikaziunganisha nukta hizo kwa mistari. Kila nukta yaweza kukosea kwa mita kadhaa, hasa kati ya majengo marefu yanayoyarudisha mawimbi. Basi mstari hupindapinda na kurefuka. Tena mkimbiaji mwenyewe huenda upande akiwakwepa wenziwe.

Wapimaji rasmi hutumia baiskeli. Kihesabio cha Jones, kilichobuniwa Marekani mwaka 1971, huhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Baiskeli hujaribiwa kwanza juu ya kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma, na baada ya kazi hujaribiwa tena, kwa kuwa hata jua huvimbisha tairi. Hufuatwa njia iliyo fupi kabisa, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita.

Nyongeza hiyo ina sababu. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, ikadhaniwa ni rekodi ya dunia. Njia ilipopimwa upya ilionekana imepungua kwa mita 148 hivi, na rekodi ikamponyoka.